Goti la Yai

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
Jumatano, 12 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua kwenye kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Sisi tunaendelea, isipokuwa kaka yangu Yai, ambaye hata wewe ulikuwa ukimbeba kwa mikono miwili asije akapasuka.

Unajua tangu nimalize shule mimi ndiye ninayemdunga dawa ya kugandisha damu, kwa kuwa yake haigandi yenyewe, ile inayotengenezwa kwa damu za watu. Zamani goti likivimba kwa damu iliyovuja ndani, namdunga asubuhi, jioni amerudi kwenye cherehani. Mwezi huu nimemdunga mara nne, na goti limezidi kuwa kama tikiti. Yai alisema umeme ulikatika, friji ikaharibu dawa. Akaniapisha nisimwambie Mama. "Wewe huongei hata ukikanyagwa," akanitania, "basi kaa hivyohivyo." Nikakaa.

Kumbe kesho alikuwa ang'olewe gego, na daktari wa meno anaitegemea dawa hiyohiyo! Jana tulipokwenda kliniki kuichukua, nilivunja kile kiapo, nikamwambia muuguzi yote.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mara nne, mwanangu? Una hakika?" Akaahirisha jino, akamtoa Yai damu ya kupima. Alinieleza kwamba mara nyingine mwili huiona dawa kama adui, kinga yake ikaishambulia na kuimaliza kabla haijafanya kazi. Majibu ni Ijumaa. Ikiwa ndivyo, ipo dawa nyingine hospitali kuu, ila wanaoihitaji ni wengi kuliko chupa.

Mama Mdogo, naogopa. Akijikata kwa mkasi leo, nitamdunga nini? Kila akiguna chumbani, moyo unanipasuka.

Naye Yai hasemi nami tangu niseme kliniki. Anahofia kulazwa mbali, fundi anayemwajiri ampe mtu mwingine kiti chake.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Baba Mdogo na mapacha, Mungu awafunike nyote.

Tafadhali mpigie Yai simu, wewe anakusikia. Usimwambie kwamba nilifanya vizuri. Mwambie tu aache kukanyaga cherehani. Tangu asubuhi anaikanyaga, na kwa mguu uleule.

Ni mimi bintiyo, nikupendaye hata katika hofu hii.