Boya Ndani ya Nailoni

Kaka Nassor,

Shikamoo yako naizuia kwanza. Najua mdogo hamwandikii mkubwa wake bila ya kumwamkia, na Mama akisikia atanikata jicho, lakini nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe. Tangu tukuzike nimenyamaza. Nimepokea watu waliokuja kutupa mkono, nimemimina kahawa, nimemuitikia kila aliyeniambia kwamba siku zako zilikuwa zimekwisha. Naamini zilikuwa zimekwisha. Muislamu gani haamini? Lakini lile kufuli ulilitia wewe kwa mkono wako, na nyumba nzima hapana mtu anayekubali kulitaja.

Basi nakutajia wewe.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kununua boya kule Sur? Uliniburura mpaka dukani kwa sababu ulitaka mtu wa kumuonesha boti yako mpya. Muuzaji akatuwekea vitu vitatu juu ya meza. Boya la duara, gumu na zito. Mto wa kurushia, wenye mikanda miwili pembeni ya kushikia. Na kifuko chenye kamba ndani. Unashika ncha ya kamba, unarusha kifuko, kamba inajifungua yenyewe hewani. Akakwambia, kwa boti ndogo kama yako, usikose kifuko hiki, maana chepesi, hata mwanamke mtu mzima atakirusha. Na wewe uliuliza nini? Uliuliza kama boya lipo lenye mstari wa buluu, kwa vile boti yako ina mstari wa buluu. La rangi ya chungwa ulilikataa, ukasema hii si boti ya polisi. Kifuko nacho ukakisukuma kando, ati kama mfuko wa kutilia ndimu sokoni. Nilikwambia, "Kaka, mtu akiwa majini unamtafuta kwa rangi." Ukacheka, ukamgeukia yule muuzaji: "Huyu ndugu yangu Bi Hofu, akioga anavaa boya."

Tukatoka na boya jeupe lenye mstari wa buluu, na mto, na kamba ya manjano ambayo muuzaji alikusihi uifunge kwenye boya kwa sababu haizami. Kumbe ulikuwa unanunua mapambo.

Makochi ya sebule yetu ya Ibra hayakuvuliwa nailoni mpaka sisi tumekua, kwa sababu yalikuwa ya wageni. Vikombe vizuri vilikaa kabatini vimefungiwa, sisi wenyewe tukinywea vya kawaida. Ndivyo tulivyolelewa, kitu chema kinahifadhiwa. Na wewe ukaipeleka adabu hiyo baharini. Boti ukaifanya majlisi ya kupokelea wageni. Boya likabaki ndani ya nailoni lake lisije likageuka rangi kwa jua, likaingia kwenye sanduku la mbele, chini ya mkeka, chini ya jiko la mkaa na birika na sinia ya halua. Juu yake kufuli, kwa sababu kuna mtu pale ufukweni aliwahi kuazima dumu lako la petroli bila ya kukwambia. Kamba ya manjano ukafungia turubali la kivuli. Na ule mto, ee Mola wangu, ule mto mkeo aliushonea foronya ya mahameli ufanane na matakia mengine, mikanda ikafichika ndani, na wewe ukaufunga kwenye benchi kwa vitanzi usipeperuke. Kila aliyepanda alisifu. Mgeni anakaa, anapewa tende, anapewa kahawa, anashuka hajui kwamba alikalia kitu cha kumuokolea roho.

Nilipokwambia, jibu lako lilikuwa lile lile, "Salma, wageni wakae wapi, juu ya boya?" Ukishasema hivyo watu wanacheka, na mazungumzo yameisha.

Hemed amenihadithia mara moja tu. Shemeji yako yule hakuwa mtu wa maneno mengi, na sasa ndiyo hasemi kabisa. Mlikuwa wawili. Mnarudi, bahari imechafuka kidogo, ukasimama nyuma uvute mshipi ulionasa, wimbi likapiga ubavuni, ukaingia majini na kanzu yako. Akageuza boti, akakufikia karibu, akazima mashine isije ikakukata. Akakimbilia sanduku la mbele. Kufuli. Akaurukia mto, vitanzi vimekaza kwa chumvi, anavuta havifunguki, mpaka akavikata kwa meno na kisu. Alipourusha, upepo ukaudaka ukaupeleka upande mwengine, na hapana kamba ya kuuvutia urudi, kamba iko juu ya kichwa chake inashikilia kivuli.

Na wewe, badala ya kulala chali uelee, ulikuwa unapapasa mfukoni. Hemed alidhani umeumia mbavu. Mimi nilifahamu pale pale aliponiambia. Ulikuwa unatafuta ufunguo umrushie.

Waliokuosha waliutoa mfukoni mwako wakampa Mama, na Mama ameuweka ndani ya kasha la dhahabu zake.

Sasa niambie, Kaka, hasira hii niiweke wapi? Ulijua. Ukiwa ndani ya maji, pumzi inakwisha, ulijua kitu kiko wapi na nani kakifungia. Ningependa uwe ulikufa hujui. Hilo ndilo linaloniamsha, na hilo siwezi kumwambia mtu, kwa sababu kila nikifungua mdomo naambiwa, "Salma, muombee Mungu." Nakuombea. Nakuombea kila sala, na nikikunja msala nakasirika tena.

Haya, nikupe habari. Mkeo ametoka eda, amekonda lakini anakula. Mwanao Raya amekuwa mrefu kunipita, na Kiswahili chake bado kile kile cha kukatakata. Wiki iliyopita alinipigia simu Nizwa, "Shangazi, siku ya Idi tunapanda boti kile cha Baba, khalti zangu wote, mama wadogo, na mjomba, Khali Hemed, ametengeneza mashine, yallah njoo." Amefurahi! Nikasema inshallah, nikakata simu.

Alhamisi nikaondoka Nizwa, nikapita Izki, nikamchukua Mama na Raya Ibra, tukashuka Sur. Boti imeoshwa, inang'ara. Hemed alituonesha kwa heshima, anatembea taratibu kama mtu aliye msikitini. Mama akatoa ufunguo kwenye pochi yake, alikuja nao makusudi, akafungua sanduku la mbele. Mkeka. Jiko. Birika. Sinia. Na chini yake boya, ndani ya nailoni. Mto uliookotwa baharini umerudishiwa foronya yake na umefungwa vitanzi vipya. Hemed akasema, "Tumeweka vile vile alivyoacha marehemu. Hatujagusa kitu."

Kwa mapenzi, Kaka! Wamekupenda mpaka wakakitega upya kile kile kilichokuua, na mtoto wako ndiye wa kupanda.

Nilipiga kelele. Sijapata kupiga kelele mbele za watu tangu nizaliwe, na siku ile nilipiga, mpaka wavuvi wakaacha nyavu wakatutazama. Nilimwambia Hemed Raya hapandi. Nilimwambia mahameli yale nitayachoma moto. Mama ananivuta mkono, "Salma, khalas, mwanangu, watu wanatutazama, vitu vya marehemu hivyo." Nikachukua kisu cha samaki nikalichana nailoni kutoka juu mpaka chini. Mama alilia kana kwamba nimekuchana wewe. Nami nililia, lakini sikuacha. Nikaishusha kamba kwenye turubali. Nikaivua foronya, na mikanda ikatoka, mipya kabisa, haijawahi kushikwa na mkono wa mtu.

Kisha nikaenda kwenye duka lile lile, nikanunua kile kifuko.

Kesho yake, Ibra, niliwapeleka wote shambani kwenye birka la kuhifadhia maji. Mlikuwa mmejaa, zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, ilikuwa imepita asubuhi ile. Nikamwambia Hemed, "Tembea kwenye ukingo, simama umbali ule aliokuwa kaka yangu kutoka botini." Hakutaka. Nikamngoja. Akatembea, akatembea, nikadhani atafika mwisho wa birka. Hakufika hata kwenye mndimu ulio katikati. Akasimama, akainamisha kichwa.

Hapo tu, Kaka. Ungenitupia neno ningelisikia bila ya wewe kupaza sauti.

Nikaliweka dumu tupu lielee mbele ya miguu yake, tukaanza. Niliwafundisha nilivyofundishwa dukani: unarusha kutoka chini, si juu ya kichwa, unalenga mbele ya mtu, umpite, kamba imlalie mabegani, ndipo uvute. Hemed akarusha boya, zito, likapiga maji kwa kishindo likalikosa dumu. Raya akarusha mto, ukaenda kwenye migomba, akacheka, kisha akakumbuka akaacha kucheka. Nikawaambia warejee. Walirejea mpaka nguo zote zikarowa. Hata mkeo, aliyekuwa amekaa pembeni, akasimama akaomba zamu.

Mama alikuwa juu ya mkeka, amenuna, hajanisemesha tangu Sur. Mara akainuka. Akajifunga leso kiunoni, akaja, akanipokonya kifuko. "Hebu."

Kifuko kikatoka mkononi mwake, na kamba inajifungua nyuma yake, kikalivuka dumu na kuanguka upande wa pili. Kamba ikalala juu ya dumu taratibu. Mama akavuta, mkono juu ya mkono, mpaka dumu likagonga ukingo mbele ya miguu yake. Akainama akaliokota. Akasimama nalo kifuani, maji yanachuruzika kwenye nguo yake.

"Kingemfika," akasema.

Hakuniuliza. Lakini nilimjibu. "Kingemfika, Mama."

Akamtazama Hemed. "Kufuli lile nisilione tena kwenye boti ya mwanangu."

Basi hii ndiyo ahadi yangu kwako. Boya linaning'inia nje, kwenye ndoano, bila ya nailoni, na jua lilitafune likitaka. Likichakaa tutanunua jingine, na litakuwa la rangi ya chungwa, upende usipende. Mto uko uchi, karibu na mkono wa anayeshika usukani, haukufungwa popote. Kamba iko kwenye boya. Kifuko kiko nyuma, kamba imesokotwa ndani ovyo ovyo kama inavyotakiwa, maana ukiikunja vizuri inafanya mafundo. Na Raya nimempa kazi. Mgeni akipanda, kabla ya tende na kabla ya kahawa, Raya anamuonesha vilipo na anamfanya avishike. Nimemsikia akijizoeza maneno yake. Anakosea, na sikumsahihisha.

Siku ya Idi watatoka, nami nitakuwa ndani. Nitakaa mbele, juu ya sanduku lile. Halina kufuli, ndani mna mkeka na birika tu.

Ufunguo bado Mama anao, na sitamwambia autupe. Hasira yangu nayo haijesha, usidhani. Lakini imepungua kiasi cha kuweza kukuamkia.

Shikamoo, Kaka Nassor. Safari hii usipoitikia sitakasirika.

Mdogo wako,
Salma