Mchungwa wa Ghorofa ya Tatu

Mke mwenzangu Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kukaa kumenishinda. Tangu ulipotutoka nimekuwa mtu wa kuinuka na kuketi, kuketi na kuinuka. Nyumba yetu ya Ng'ambo imevunjwa. Tumepewa fleti Michenzani, ghorofa ya tatu, na mchungwa wako wa uani umekatwa.

Unajua kwa nini kukatwa kwake kumeniuma. Chini yake tulizika kitovu cha Salma wako. Wewe ulikuwa bado hujiwezi, mimi ndiye niliyechimba, na huku unanipigia kelele dirishani: "Chimba vyema, wivu usikutie uvivu!" Mchokozi wewe.

Sasa sikiliza mambo. Imekuja televisheni, tena ya rangi, mtaa mzima tunakwenda kuitazama. Siku moja wakaonyesha mchezo wa watu wanaoishi ndani ya chombo huko angani, dunia yao imekwisha. Wamebeba mchungwa mmoja tu, wameuweka chumba cha vioo. Lakini machungwa yenyewe rangi yake ya embe bivu! Watu wakaja juu: "Rangi imeharibika hiyo! Chungwa gani la namna hiyo?" Msimamizi wa televisheni akazungusha kitufe mpaka machungwa yakawa kijani kama ya kwetu, na nyuso za wale watu zikawa kijani vilevile. "Hapo sawa!" wakasema wote. Watu wa angani, nani anajua rangi yao? Ungecheka mpaka kanga ikuvuke.

Salma hakucheka. Akanambia, "Bi Mkubwa, wao wameupandisha mbinguni, sisi ghorofa ya tatu tu inatushinda?" Bi Mkubwa, ndivyo alivyoniita siku zote. Mama alikuwa wewe.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikarudi kwenye kifusi, nikakuta pembeni ya kisiki mche umejiotea. Nikauchimbua na udongo wake, ule ule wa kitovu, nikautia kwenye debe. Fletini jua haliingii, basi kila asubuhi nalishusha debe, jioni nalipandisha. Majirani wananiuliza kama natembeza mgonjwa. Wacha waseme. Nikikaa kidogo tu naona majani yananyauka.

Jana niliteleza ngazini na debe mkononi. Salma alikuwa nyuma yangu, akapiga ukelele: "Mama!"

Wallahi, Zuhura, niligeuka kukutafuta wewe. Hukuwepo. Nikaitika, "Naam, mwanangu." Kisha nikakaa pale pale nikalia, yeye amelishikilia debe, watu wanatupita.

Nimefurahi, na naona kama nimekuibia. Yote mawili yananizunguka, ndiyo maana situlii.

Kwaheri, mwenzangu, Mungu akulaze pema. Nakuahidi: Salma akiniita Mama nitaitika. Na kila usiku wa Ijumaa tutakusomea Yasini, na yeye ndiye atakayekutaja, kwa sauti, nikimsikia: mama yangu, Zuhura.

Mwenzio,
Mwanahawa