Jina nililoipa mashine

Nyamianda, Jumapili 9 Februari

Kaka Bahati,

Imekubali! Ile kompyuta yako ya kizamani, ambayo mafundi wote wa Uvira waliikataa, sasa inaendeshwa na mfumo mpya, Linux. Risasi iliyokuua ilipita kwanza kwenye kava lake. Tundu bado liko.

Leo wenye bunduki wamepigana barabarani mchana kutwa. Bati lilitobolewa juu yangu. Nililala chini nikishika waya wa betri, mashine isizimike katikati ya kazi.

Iliponiuliza ipewe jina gani, niliandika lako. Mama Neema, jirani, alipokuja kuniangalia milio ilipotulia, akaliona. "Weye! Jina la marehemu tunapatia mtoto, hapana mashine!"

Nilicheka. Lakini mimi sijazaa bado, na sasa wanapiga tena.

Wakiniua kabla sijampata huyo mtoto, huko uliko unikumbuke.