Mstari Mmoja kwenye Kipimo cha Bhoke

Jumatatu, 9 Juni

Boksi la barafu limefika maabara yetu ya hospitali kutoka Bunda na Butiama. Kinyesi cha watoto wanaoharisha. Kila sampuli tunaipima mara mbili: kipimo cha haraka, kisha mashine ya PCR, inayosaka vinasaba vya virusi na bakteria wengi kwa pamoja, tuone vinapishana wapi. Cha haraka kinajibu kabla chai haijapoa. Mashine inakula mchana mzima. Mwita, mwenzangu wa maabara, anapendaga cha haraka. Mimi mashine. Nina raha kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi vyote vimekubaliana. Rota, kirusi cha kuharisha, hapa; rota pale. Kisha Bhoke, mtoto wa kijiji cha Nyegina, amelazwa hapa wodini. Ana mwaka na kidogo. Macho yameingia ndani. Kipimo cha haraka: mstari mmoja. Hana rota. Daktari kaona basi ni bakteria, kamwanzishia antibayotiki. Mama yake anaogopa kipindupindu. Mashine bado inazunguka. Sitaki kwenda nyumbani.

Jumatano, 11 Juni

Mashine imekiona kirusi! Siyo rota. Noro, kirusi kingine cha kuharisha. Kipimo cha haraka kinatafuta rota peke yake, noro hakiioni. Mwita hakubali. Anasema nimechafua sampuli kwa papara zangu. Nimekasirika. Na naogopa, maana inawezekana. Kesho anarudia yeye, na maji safi yanapimwa pembeni. Maji yakitoa kirusi, kosa ni letu.

Alhamisi, 12 Juni

Maji: safi. Bhoke: noro. Na mtoto mmoja wa Butiama pia. Mwita kaangalia kioo cha mashine, kisha kanipa mkono. Nimecheka peke yangu kwenye korido kama mwehu. Wodini nimefika karibu mbio. Daktari kasoma majibu, kamkagua mtoto upya. Kinyesi hakina damu, homa hamna.

"Antibayotiki tuziache," akasema. "ORS na zinki. Aendelee kunyonya."

Mama Bhoke akaniuliza mimi, "Kwa hiyo siyo kipindupindu?"

"Siyo, mama. Tulikitafuta, hakipo. Ni kirusi, kinaenezwa na mikono; kitapita."

Akanishika mkono, hakuuachia. Chakula cha mchana kimenishinda kwa furaha.

Jumamosi, 14 Juni

Bhoke ameruhusiwa. Kaondoka mgongoni kwa mama yake, anatafuna ndizi.

Nimefua makoti ya maabara. Jioni nimeshuka ziwani Mwigobero kununua dagaa. Upepo mdogo. Mama mmoja alikuwa anamnawisha mwanawe kwa sabuni, polepole, kidole kwa kidole. Nimesimama nikamwangalia mpaka akamaliza.