Rasta Zangu Zimekauka Ndani ya Kayak

Waruguru ingia online. Waruguru!! Niko kichwa ndani ya kayak na SITOKI.

Si unajua hapa kazini tunatengeneza upande wa juu na wa chini wa hizi mashua kila moja kando, halafu tunaziunganisha kwa ndani na kitambaa ya fayba imelowa gundi. Nimebandika vizuri na brashi ya mpini mrefu. Kule mbele ikabanduka. Nikaingiza kichwa kwa shimo ya kukalia na tochi ya simu, niibonyeze na mkono.

Rasta zikaangukia gundi. Sikujua! Na nilikuwa nimezidisha dawa ya kukausha juu ya baridi ya asubuhi. Sasa ni jiwe.

Mdosi wangu Gitonga ati, "Usivute, utafungua joint." JOINT! Na kichwa yangu je?

Harusi yangu ni Jumamosi, Waruguru. JUMAMOSI.

Na vile nilimjibu nyanyangu Kokoo! Nyanya ya watu aliomba tu ninyolewe kama mabibi harusi wa kwetu wa zamani. Nikamwambia mbele ya wageni, "Nywele yangu haiguswi na mtu."

Gitonga amejaribu makasi, haifikii. Zimeshika hadi kwa ngozi. Macho inanichoma. Kuja haraka, na tafadhali usimwambie Kokoo.

Nani amemwambia?? Namsikia hapo nje akimuuliza Gitonga, "Kichwa yake ndio iko wapi?"

Ameingiza mkono kwa shimo ya kukalia, amenishika shingo polepole. Hajacheka hata kidogo.

"Tulia, Naserian. Nimekuja na wembe."