Kiatu Kwenye Kabati la Kioo

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mwambie dawa asizifiche chini ya mto, namjua. Huku karakanani tu wazima, ila tangu uende kumuuguza, watoto wanaosubiri viatu wamejaa kwenye mabenchi, nasi tunazuga tu.

Sasa kaa chini. Jiji linatafuta watu wa kupewa Nishani ya mwaka huu: madaktari, walimu, wanamichezo, na safari hii wameongeza mafundi. Wamesikia habari za viatu vyetu vya kunyoosha miguu ya watoto. Fomu ina nafasi ya jina moja. Nimejaza langu, maana mimi ndiye mkurugenzi ninayeonana na wageni, na wewe ukiona kamera unajificha stoo. Tia sahihi yako pale chini, kama shahidi.

Natuma na viatu vyangu. Kisigino cha kushoto kimelika upande tena.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo kidogo, jana kala mwenyewe. Dawa siku hizi anazificha kwenye soksi.

Kisigino nimekibadilisha. Fomu nairudisha bila sahihi. Nishuhudie nini? Tangu lini umeshika sindano? Nilikupa ile meza ya mbele ulipomaliza chuo, upokee wageni, basi. Miaka thelathini nashona mpaka vidole vimekuwa vigumu kama soli, na sijaomba kupigiwa makofi. Lakini jina langu nalitaka, sikufichi. Kama nafasi ni ndogo, andika kwa herufi ndogo, tutaenea wote wawili.

Dada yako

8 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama anazidi kupata nafuu. Nisamehe kwa kimya changu, mambo yalikuwa mengi. Fomu ilitakiwa haraka, mhasibu akatia sahihi badala yako. Na nimeshinda. Usinune. Nishani ni ya karakana nzima, kila mtu anajua.

Waliomba kiatu cha kwanza kabisa, wakiweke kwenye kabati la kioo ukumbini. Nikachukua kile kidogo cha kahawia kwenye rafu yako, nyuma ya kopo la gundi. Nimewaambia nilikishona kwa ajili ya mtoto wa jirani. Ijumaa saa kumi tutaonyeshwa kwenye televisheni, mwite Mama aone.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Tumekuona, suti imekukaa.

Mama alikitambua kiatu kabla yangu. Akasema, "Sasa mwambie." Yeye ndiye aliyenikataza miaka yote, hakutaka ukue ukijiita kilema.

Huyo mtoto wa jirani ni wewe. Ulizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikata mkoba wangu wa shule, nikang'ang'ania kwa fundi viatu wa mtaani mpaka akachoka kunifukuza, nikakushonea kile kiatu na mwenzake. Shule sikurudi tena. Mguu wa kulia ulinyooka wote, wa kushoto ukabaki umepinda kidogo. Unadhani kwa nini kisigino kile kinalika upande? Kila unaponiletea nakiinua kwa ndani, usichechemee. Hata zile ngazi za jukwaa ulizipanda na kazi yangu miguuni.

Nimeumia sana. Waambie ukweli, mdogo wangu. Sitaki kingine.

Dada yako

29 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo? Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilivua soksi nikajitazama. Ni kweli. Nililia.

Lakini kitabu cha washindi kimeshachapwa, na meya amenialika nihutubie mafundi wa jiji zima. Nikisema leo, uso nitauweka wapi? Hili libaki nyumbani. Si Mama mwenyewe alitaka iwe siri?

Hotuba ni tarehe tano. Natuma viatu, ni kisigino kile kile.

Mdogo wako

3 Agosti

Kwa Mkurugenzi,

Viatu vinarudi kama vilivyoletwa. Kisigino sijakigusa. Ngazi za jukwaa uzipande polepole.

Fundi