Chewa Wanne wa Heshima

Chang'ombe, Dodoma
Jumatatu

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kabla ya neno lolote, kisha nakuuliza habari za mguu wako wa kushoto, kama bado unakusumbua asubuhi, na kama macho yamepata nafuu yoyote tangu uanze zile dawa za matone. Mimi mzima. Vumbi la huku linanikohoza na midomo imepasuka, lakini nakula, nalala, na kazini hawajanichoka.

Kaka Salimu, najua anayemsomea Baba barua hii ni wewe, na simu ya nyumbani nayo iko mfukoni mwako. Ndiyo maana nimeandika. Msomee yote kama yalivyo. Pakikuuma, kunywa maji kisha uendelee.

Baba, nasikia Ijumaa ijayo baada ya sala kijiji kinakaa kuamua kama mlango wetu wa baharini, pale kwenye mwamba, ufungwe watu wasivue. Nimeambiwa pia kwamba watu wanangoja neno lako, na kwamba umeshakubali kusimama useme usifungwe. Sikushangaa. Salimu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, na ndiye aliyekuapia kwamba chewa wa pale kwenye mpasuko wa mwamba ni wapita njia tu, hawazalii pale, na kwamba kupaacha miezi minne bila wavu wala mshipi ni kuwafugia samaki watu wa kijiji cha pili. Barua aliyoituma huku Dodoma, ofisini kwetu uvuvi, inasema hivyo hivyo. Naijua, maana ilisomwa mezani nikiwa nimesimama na birika la chai. Mhudumu hana masikio, ndivyo wanavyodhani.

Wiki iliyopita Salimu akanipigia. "Mwanaidi, nakutumia mzigo kwa basi. Mpelekee yule mkubwa wenu anayeandika ushauri wa mlango. Mwambie ni shukrani tu."

Nikamwambia shukrani hutolewa baada ya jambo, si kabla.

Akacheka. "Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu. Umekaa bara mpaka umesahau?"

Jumamosi asubuhi nikaenda stendi kuupokea. Nilipofungua deli kuongeza barafu nikakuta chewa wanne wakubwa, wazima, hawajapasuliwa. Nikatabasamu, Baba. Kwetu samaki wa heshima hapasuliwi. Anayepewa ampokee mzima, aone hakuna kilichopunguzwa. Safari yote hiyo, joto lote hilo, na Salimu bado akafuata mila. Laiti siku hiyo angekuwa na adabu pungufu, nisingejua kitu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kubonyeza tumbo la chewa? Likiwa limejaa na gumu, ana mayai, unamrudisha majini na hunung'uniki. Pale stendi vidole vyangu vikabonyeza vyenyewe. Gumu. Wa pili, gumu. Nikajiambia ni barafu. Nikafunga deli, nikapanda bodaboda hadi Ihumwa kwa yule bwana. Kwa hiyo usidhani barua hii imeandikwa na mtu safi.

Mke wake ni mwenyeji wa huku, mpole sana, na samaki wa ukubwa ule hakuwahi kuwashika. "Dada, hawa mimi siwawezi," akasema. "Nisaidie kuwapasua." Akaniwekea kigoda nyuma ya nyumba, penye bomba. Nikapasua wa kwanza. Mayai yakamwagika mapajani mwangu, vifuko viwili vya manjano vilivyovimba. Nilikuwa nimefika kwa wa nne nilipoona viatu mbele yangu. Bwana mwenyewe alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Wote wana mayai?"

"Wote, mzee."

"Si kaka yako kaandika kwamba hawa hawazalii pale?"

Nikasuuza kisu. Baba, nitakuambia kilichokuwa moyoni: nilifurahi. Njia ya mwongo fupi, nikasema, imeishia hapa bombani. Mtu mwenye dhamana ameona kwa macho yake, ataandika ukweli, na mimi sitalazimika kumtaja ndugu yangu popote.

Akacheka hadi chai ikamwagikia mkononi. "Kaka yako huyo fundi kweli. Sasa hayo mayai usiyatupe, yakaange tuyaonje. Na umwambie ushauri siuandiki haraka. Mwezi ujao alete wengine kama hawa."

Nikayakaanga. Aliyala kwa ugali, mafuta yakimtiririka kidevuni, akilamba kidole kimoja kimoja na kusifu mapishi yangu. Nimewahi kusafisha vyoo vya stendi nilipofika mji huu, na sikuwahi kusikia kinyaa kama kile. Kisha mkewe akaniwekea sahani, nami nikala. Matonge mawili. Ningependa kukuandikia kwamba nilitapika. Sikutapika. Tumbo langu lilipokea vizuri tu, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau.

Mayai yaliyobaki nilifungiwa kwenye mfuko nikarudi nayo. Nikampelekea Mama Nyemo, mwenye nyumba wangu, Mgogo aliyekulia kwenye mifugo. Akayatazama, hakuyagusa.

"Hawa walikuwa watoto?"

"Wangekuwa."

"Sisi mbuzi mwenye mimba hatumchinji, hata kwa mgeni. Anayemchinja ana njaa, au kamwiba. Nyie kwenu kuna njaa?"

Nikasema hapana.

"Haya," akasema, akarudi kukoroga mlenda wake. Mfuko nikaufukia nyuma ya choo, maana hata mbwa wa hapa nilimwonea aibu.

Salimu, unanitia kinyaa. Naliandika neno hilo nikijua linatoka kinywani mwako mwenyewe, mbele ya Baba. Najua sasa una mashua mbili na watu wengi wanaokutegemea; hilo sikukatalii. Ungesimama useme, "Tusifunge, tutakula nini miezi minne?" Hayo yangekuwa maneno ya mwanamume, tungebishana tukachoka. Lakini wewe ulibonyeza matumbo yale kama nilivyoyabonyeza mimi, maana mwalimu wetu ni mmoja. Ulijua. Ukaenda kumwapia Baba kwa kuwa haoni, umtoe Ijumaa mbele za watu aseme uongo wako kwa sauti yake. Na ukitaka kumpigia yule bwana umweleze nilichoandika, mpigie. Kesho yake nitakuwa sina kazi, nami nitakuwa nimefungasha tayari.

Baba, sikuagizi la kusema. Wewe umeuvua mlango ule kabla sisi hatujazaliwa, na miezi minne ya kukaa ni mirefu, hasa kwa nyumba zenye watoto. Ukiona usifungwe, sema usifungwe. Ila hiyo Ijumaa uongee kwa vidole vyako, si kwa macho ya Salimu. Akija na chewa mwingine, mwambie akupe mkononi, umbonyeze mwenyewe.

Nisalimie Mama mdogo, umwambie kanga aliyonipa bado ndiyo ninayojifunika kwenye baridi ya huku. Nisalimie Shangazi Zuhura na magoti yake. Shemeji yangu, mke wa Salimu, mpe salamu nyingi. Hana kosa, na natumaini hakuonjeshwa. Wajomba wote wa ufukweni, kila mmoja kwa jina lake.

Karatasi ni nne, Baba, na kila moja nimeikunja kona ya juu. Zishike uzihesabu kwa kidole. Shangazi naye nimemwambia idadi kwa simu ya jirani yake. Na kama maneno haya yamekufikia kwa sauti ya Salimu, basi weka bakora chini, usimpige. Amesoma mpaka mwisho.

Ni mimi binti yako uliyemfundisha samaki,
Mwanaidi